Mtoto wa Kiwanjani

"Anzia pale injini ilipokohoa," alisema Inspekta Joanitha.

"Nimeshalieleza hilo mpaka mdomo umechoka, afande."

"Wengine umewaeleza. Mimi bado."

Mujuni alikuwa amelala chali, miguu yote miwili imefungwa plasta ngumu na kuinuliwa kwa kamba. Macho yake yalikuwa mekundu. Muuguzi wa wodi alikuwa amemnong'oneza inspekta mlangoni kwamba tangu aletwe, mgonjwa huyu hajalala usingizi wa kueleweka. Kazi yake ni kutazama dari.

"Tulikuwa tunashuka kuelekea Songambele, mimi na muuguzi Benadeta," alianza. "Tunakwenda kliniki ya akina mama kama kawaida. Mawingu yako chini, unyevu mwingi, baridi yetu hii ya huku. Nikapunguza nguvu ya injini ili tushuke. Ikakohoa. Unaijua kabureta ya pikipiki?"

"Naijua."

"Ndege ile ndogo nayo ina kabureta. Hewa yenye unyevu ikipita kwenye koo lake hupoa mpaka unyevu ukaganda. Barafu inaziba koo, injini inakosa pumzi."

"Barafu? Hapa Kyerwa?"

"Hata siku ya jua. Ndiyo maana kuna kishikio cha kuvuta hewa ya moto. Nikakivuta. Injini ikazidi kukohoa, na hapo ndipo wageni wa kazi hii hukirudisha, wanadhani wamekosea. Hukirudishi. Unasubiri barafu iyeyuke ipite. Nikasubiri. Lakini barafu ilikuwa imeshajaa. Injini ikazimika, na injini ikizimika, hewa ya moto nayo haipo tena."

"Ukafanya nini?"

"Nikainamisha pua. Moyo unataka uiinue, kwa sababu ardhi inakuja. Ukiiinua umekwisha. Nikaishika kwenye ule mwendo unaoifanya ielee yenyewe bila injini. Nikatafuta pa kutua. Kiwanja kilikuwa mbele, nakifikia. Ndipo nikajaribu mengine: tangi la pili, swichi za plagi, kuwasha upya. Kimya. Nikaita kwenye redio. Nikafunga mafuta. Nikamwambia Benadeta afungue mlango auzuie kwa sweta yake, usije ukatubania ndani tukigonga." Alitazama plasta za miguu yake. "Akauliza kama avue na viatu."

Joanitha hakuandika hilo.

"Na kule chini?"

"Kule chini, tunakaribia kugusa, akasema, 'Kuna mtoto.' Hakupiga kelele. 'Mujuni, kuna mtoto.' Nikatazama. Kitu cheupe katikati ya kiwanja, na mtoto juu yake."

"Juu yake namna gani?"

"Kama ameketi. Karibu na ardhi. Mdogo, wa kuketi tu. Nikakata kona kushoto."

"Rubani akiwa chini vile, injini imezimika, anakata kona?"

"Hakati. Ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa. Nyoosha mbele, usigeuke. Ukigeuka bawa linakufa, haliibebi ndege tena." Alirudisha macho darini. "Afande, wataalamu waliifungua injini wakakuta nzima. Barafu haiachi alama. Watu wote wa Songambele wamesema hakukuwa na mtoto. Sasa niambie. Kama hakuwepo, Benadeta nimemuua kwa ajili ya kitu kilichokuwa kichwani mwangu. Jela nitakaa. Hilo siwezi kukaa nalo."

Joanitha alifunga jalada. Jumatatu lilitakiwa liwe mezani kwa mwendesha mashtaka, na kwa jinsi lilivyokaa, lilikuwa na njia moja tu: rubani alipoteza akili, akageuza ndege penye kiwanja kitupu, akaua abiria.

*

Tangu ndege ile ianguke, pikipiki ikikohoa kwenye mlima wa Songambele, Wakatoliki walikuwa wanafanya ishara ya msalaba na Walutheri wanakaa kimya kidogo. Joanitha aliliona hilo kwa macho yake. Pikipiki ya kituo iliyomleta ilikohoa kwenye kona ya mwisho, na wanawake waliokuwa wakishuka na mikungu ya ndizi vichwani wakasimama wote, wakasikiliza, mpaka ilipovuta vizuri tena.

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Elipidius, alimpokea kiwanjani na koti lake la mazishi na harusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wamesema wewe ni wa Bweranyange."

"Ni wa Bweranyange."

"Basi si mgeni. Pokea." Alitoa mfukoni pakiti ndogo ya jani la mgomba lililokauka, ndani yake punje za kahawa ya kutafuna. Joanitha alichukua mbili kwa mikono miwili, akaweka moja mdomoni. Ilikuwa imechemshwa na majani yake ya harufu kama inavyopaswa, akatafuna taratibu huku wakishuka bondeni.

Ndege ilikuwa imelala ubavu ukingoni mwa mafunjo, injini imeshapelekwa mjini. Bawa la kushoto lilikuwa limekunjika chini yake kama mkono wa mtu aliyelala vibaya. Hakukuwa na upepo, lakini mafunjo ya karibu na mkia yalikuwa yanatikisika, kisha yakaacha. Elipidius alibaki nyuma.

"Mimi naona hapa panatosha," alisema.

Joanitha aliingiza kichwa ndani. Kishikio cha hewa ya moto: kimevutwa mpaka mwisho. Mkono wa mafuta: umefungwa. Swichi: zimezimwa. Kisha akazunguka upande wa abiria. Sweta ya bluu ya kiuguzi ilikuwa bado imebanwa kwenye mlango, imeota ukungu begani.

Alisimama hapo muda mrefu kuliko kazi ilivyodai.

"Mzee Elipidius, mtu aliyepagawa huwa anafunga mafuta?"

"Sijawahi kuendesha ndege, mwanangu."

"Mtu aliyepagawa, nyumba inaungua, anakumbuka kuzima taa na kuegesha mlango?"

"Huyo hajapagawa. Huyo ni mkwe wangu, hana haraka hata siku moja."

"Basi huyu rubani alikuwa na akili zake zote mpaka chini. Na mwenye akili zake hakati kona pale bila kuona kitu."

Elipidius alitema maganda ya kahawa, akayafunika kwa udongo kwa ncha ya kiatu. "Sijasema hakuona kitu. Nimesema hakukuwa na mtu. Hayo ni mambo mawili." Akashusha sauti. "Walipokuwa wanatengeneza kiwanja hiki, mimi kijana, palikuwa na kaburi la mtoto. Walilihamisha. Waliokuwa watu wazima siku hizo wanasema hawakuhamisha vyote. Adhuhuri, upepo ukikatika, utamsikia anacheka. Mke wangu amemsikia. Mtoto wa kiwanjani huyo, ndiye aliyemwita rubani."

"Anavaa nguo nyeupe?"

"Nyeupe, ndiyo. Nani kakwambia?"

"Rubani. Wewe umejuaje?"

Mzee akasema mizimu yote huvaa nyeupe, na akatangulia kupanda.

*

Kiwanja kilikuwa kitupu na safi. Usafi huo ndio uliomsimamisha Joanitha. Majani yalikuwa mafupi kama kawaida ya kiwanja kinacholishwa mbuzi, lakini upande wa mashariki yalikuwa yamelalia njia moja, yamechanwachanwa na njiti za ufagio.

"Songambele mnafagia nyasi?"

"Kitongoji chetu kinapenda usafi."

Alitembea ukingoni taratibu. Hapa nyasi za kijani, hapa za manjano. Kijani tena, manjano tena. Alipanda kwenye kichuguu kilichokuwa pembeni akatazama kutoka juu, na yale manjano yakajipanga yenyewe: miraba, mmoja baada ya mwingine, kama vitanda vya wodini. Nyasi zilizofunikwa siku nyingi zikanyimwa jua, ambazo sasa zinaanza kupona.

Mraba mmoja tu haukuwa kamili. Kutoka kwenye kona yake nyasi zilikuwa zimekwaruzwa kuelekea katikati ya kiwanja, kama na kitu kikubwa kilichoburutwa na upepo.

Aliufuata mkwaruzo, akapiga magoti. Ufagio haufiki kila mahali. Kwenye mizizi alitoa punje ya kahawa, nyekundu inayoelekea weusi.

"Hiyo itakuwa yangu," Elipidius alisema haraka. "Mfuko huu umetoboka."

Joanitha aliiweka mdomoni, akaing'ata, akaitema kiganjani. "Yako imechemshwa, mzee. Ina majani. Hii ni mbichi, imeanikwa ikakauka nusu." Alisimama akapangusa magoti. "Mlikuwa mnaanika kahawa kiwanjani. Miraba ile ni alama za sandarusi, yale maturubai ya plastiki. Sandarusi zenu huku ni za rangi gani?"

Mzee aliuziba mfuko wake kwa kiganja. Sandarusi za Songambele ni nyeupe, hata mtoto mdogo anajua.

"Mzee, naomba unisaidie kitu. Simama hapa mkwaruzo unapoishia. Geukia kule, unipe mgongo. Sasa inama kama unayekusanya kahawa isiloe."

"Mgongo wangu huu, afande?"

"Kidogo tu."

Elipidius aliinama akiugua. Joanitha aliweka kofia ya pikipiki mgongoni mwake, akaenda haraka mpaka kwenye kichuguu, akapanda na kutazama. Koti la mzee, vazi la rangi ya udongo, lilipotelea kwenye nyasi. Kichwa hakikuonekana. Miguu haikuonekana. Kofia peke yake ilikuwa imeketi pale katikati ya kiwanja, karibu na ardhi.

Alirudi, akaichukua.

"Umeona nini?" aliuliza mzee, akijinyoosha kwa awamu.

"Kofia. Sikukuona wewe." Akaifunga kamba ya kidevuni, akaifungua tena. "Mama aliyeinama na mtoto mgongoni, kutoka juu na nyuma, unamwona mtoto tu. Benadeta alikuwa mkunga. Jicho lake lingekwenda hapo kwanza. Alisema kweli, na Mujuni alisema kweli, na sisi tulikuwa tunatafuta mtoto aliyekuja peke yake kwa miguu yake. Siku ile watu wote walikuwa wapi?"

"Msibani," alisema Elipidius, na mara ile akaonekana mzee kuliko koti lake. "Mzee wetu Gaudiosus alikuwa ndani, hajazikwa. Kitongoji kizima kilikuwa pale."

"Na kahawa zikabaki kiwanjani, siku ya kliniki, siku ya ndege."

"Siku ya msiba hakuna kliniki, mwanangu. Hakuna shule, hakuna jembe, hakuna kliniki. Kila mtu anajua."

"Ndege ilijua?"

Upepo ulikuwa umekatika. Elipidius alitazama mraba wa tatu kutoka mwisho, akautazama mpaka Joanitha naye akautazama.

"Huo ni wangu," alisema.

*

Mlinzi wa kiwanja, Yustasi, alikuwa na nyumba iliyopakana na kiwanja chenyewe. Katika maelezo yake ya polisi alisema kwamba ndege ilipoanguka, yeye alikuwa nyuma ya nyumba anapalilia migomba, hakuona kitu, alisikia tu kishindo.

Joanitha hakumkuta nyumbani, akazunguka nyuma kuitazama hiyo migomba. Ilikuwa imepaliliwa vizuri. Katikati yake palikuwa na kaburi jipya, udongo bado mwekundu, na msalaba wa mbao uliopakwa rangi nyeupe: Gaudiosus, na siku aliyozikwa.

Yustasi alitokea kwenye njia ya kisima na madumu mawili. Alipomwona amesimama pale, aliyatua.

"Shikamoo, afande. Huyo ni baba yangu mkubwa."

"Marahaba. Pole sana." Joanitha alimwacha apumue. "Alikulea?"

"Yeye ndiye aliyenilea."

"Na maiti yake ikiwa ndani ya nyumba hii, wewe ulishika jembe ukapalilia migomba yake?"

Yustasi alitazama mikono yake.

"Sikushika jembe," alisema mwishowe.

"Najua. Mtu wa hapa hawezi. Aliyekuandikia maelezo si wa hapa, ndiyo maana aliyapitisha. Ulikuwa wapi?"

"Msibani, na wanaume wenzangu. Tulisikia kishindo tukakimbia. Nilipofika kiwanjani nikaona sandarusi. Kazi yangu ni kuhakikisha kiwanja hakina kitu, hata mbuzi. Wenzangu walishuka bondeni kwa majeruhi. Mimi nikabaki nakunja sandarusi. Baadaye nikafagia." Sauti yake ilikuwa inakauka. "Benadeta alikuwa bado hai, afande. Walisema alikuwa hai mpaka wanamtoa. Mimi nilikuwa nafagia."

"Nani aliyekuwa katikati ya kiwanja?"

"Mimi ndiye niliyefagia. Niandike mimi."

"Nakuuliza nani alikuwa katikati."

"Ni mimi, Yustasi. Usijiongezee," sauti ya mwanamke ilisema kutoka mlangoni.

Alikuwa mwembamba, kitenge cha rangi ya udongo, mtoto wa miezi kadhaa mgongoni. Aliitwa Kemilembe, mke wa Yustasi. Alipiga goti kusalimia, akabaki chini hapo hapo kwenye kizingiti, kama aliyeona hakuna haja ya kuinuka.

"Mvua ilikuwa inakuja," alisema. "Kahawa yetu ya mwaka mzima iko nje. Nikawaambia wanawake naenda kumnyonyesha mtoto pembeni. Kutoka msibani kwenda kushika kazi, maiti ya baba mkwe haijatoka ndani... afande, wewe ni wa hapa, unajua wangeniita nani. Nikakuta upepo umeiburuta sandarusi katikati, nusu ya kahawa imemwagika. Nikainama."

"Hukusikia ndege?"

"Ndege zina sauti." Alivuta pumzi. "Nilisikia mtoto anacheka. Huyu, mgongoni. Alikuwa anacheka na kitu. Kisha kivuli kikatupitia, na baridi. Nikainua kichwa, nikaona ndege inapita juu ya mafunjo, kimya kama bundi. Sijawahi kuona ndege isiyo na sauti. Nikasema hii si ya watu. Hii ni ya wafu, imekuja kumchukua baba. Kisha kikavuma kishindo, nikajiambia ni mti. Nikafunga kahawa niliyoweza, nikarudi msibani kwa njia ya nyuma, nikakaa na wanawake. Walipoleta habari kwamba ni Benadeta, nikalia nao." Alimvuta mtoto mbele, akamketisha mapajani. "Huyu alipokelewa na mikono yake. Alikuja amefungwa kitovu shingoni. Benadeta ndiye aliyemfungua."

Elipidius, aliyekuwa amebaki nje ya ua, alisema bila kuinua macho, "Sisi wote tulijua baadaye, afande. Tukaona ya mtoto wa kiwanjani yanatosha. Mzimu haumfungi mtu."

"Unamfunga Mujuni," alisema Joanitha.

Yustasi aligeuka akatazama kaburi. Ndani ya nyumba kuku alishuka kitandani kwa kishindo kidogo, na wote wanne wakashtuka.

"Nitafungwa?" aliuliza Kemilembe.

"Sijui. Siwezi kukuahidi kitu nisichokishika mkononi. Nitaandika kwamba uliinama kuokoa kahawa, na kwamba kiwanja hakikuwa cha kuanikia, na kwamba aliyejua ni kitongoji kizima." Aliwatazama Yustasi na mzee kwa zamu. "Lakini yuko mtu amelala hospitali, haamini tena macho yake mwenyewe. Karatasi yangu haitamsaidia. Ameshaletewa karatasi nyingi."

Kemilembe alimtazama mumewe. Yustasi aliinama, akaokota mbeleko iliyoanguka, akamfungia mtoto mgongoni, akakaza fundo mara mbili.

*

Jua la alasiri lilikuwa limeingia wodini mpaka kwenye vyuma vya kitanda. Mujuni aliwaona wanaingia, afande na mwanamke asiyemjua, akajaribu kujiinua kwa viwiko.

"Huyu ni nani?"

Joanitha alikuwa na maneno aliyoyapanga njiani. Hakuyahitaji. Kemilembe hakusalimia, hakuomba radhi, hakusema jina lake. Alifika karibu na kitanda, akageuka, akampa mgongo, akainama taratibu mpaka mikono yake ikagusa sakafu.

Mbele ya uso wa rubani hakukuwa na mwanamke tena. Kulikuwa na mtoto ameketi hewani, karibu na ardhi, anamtazama.

Mujuni hakupumua. Halafu alinyoosha mkono, na vidole vikafika kwenye kisigino kidogo kilichochomoza kwenye mbeleko. Vikakigusa. Vikakaa hapo. Mtoto alivuta mguu, akacheka, akaurudisha mwenyewe.

Kemilembe alibaki ameinama, machozi yakidondokea sakafuni kati ya mikono yake, na hakujinyoosha.

"Kuna mtoto," alisema Mujuni taratibu, kama mtu anayemjibu aliyeketi kando yake. "Ni kweli. Kuna mtoto."

Joanitha alivuta kiti, akafungua jalada gotini, akatafuta ukurasa mtupu, akaandika tarehe. Alipoinua macho kuuliza swali la kwanza, mkono wa rubani ulikuwa umeteleza ukaning'inia nje ya kitanda, na Mujuni alikuwa amelala usingizi.